Msituni kwa Miguu Wiki ya Idi: Mwongozo wa Watu Wawili Unguja

Idi mosi ni ya pilau na kuwaamkia wazee, Idi pili ni ya watoto na viwanja vyao. Kuanzia Idi tatu ndipo mtu anapojiuliza aende wapi, na wengi huishia ufukweni. Mwongozo huu ni wa wawili wanaotaka kwenda kwengine: ndani ya misitu ya Unguja, kwa miguu, bila gari ya kukodi na bila vifaa vya gharama. Unafaa pia kwa likizo ya skuli ya Juni au Disemba, na kwa siku za Mapinduzi mwezi wa Januari.

Neno kubwa nalitanguliza. Unguja, msitu husomwa kuanzia chini, kwa hiyo tazameni mnachokikanyaga kabla ya kuinua macho. Upande wa magharibi wa kisiwa una udongo wa kina, ule wa minazi na mikarafuu. Mashariki na kusini ni uwanda, jiwe la matumbawe lenye udongo mchache uliojificha katika nyufa zake, ndiyo maweni. Baina ya pande hizo kuna mabonde ambayo maji matamu yako karibu na uso wa ardhi. Na bahari inapoingia nchi kavu, kuna kinamo cha mikoko. Ardhi ikibadilika hubadilika miti, hubadilika wanyama, na mwendo wenu nao lazima ubadilike. Wawili wanaolijua hilo wataona mengi kwa mwendo wa nusu saa kuliko gari nzima ya watu waliokwenda kumpiga picha kima na kurudi.

Mtafute mwenza anayeweza kunyamaza

Sahibu wa barazani si lazima awe sahibu wa msituni. Unamtaka mtu anayeweza kusimama dakika kumi chini ya mti bila kutoa simu, na anayeweza kusema "nimechoka, turudi" bila kuona haya. Wawili ndiyo hesabu nzuri. Mmoja anatazama chini na njia, mwengine anatazama juu na pembeni, halafu mnabadilishana. Wakifika wanne au watano, ule tena ni mchezo wa kwenda kupika na kula, jambo jema lakini si hili, na mnyama atawasikia kabla hamjamwona.

Kubalianeni mapema mambo mawili: saa ya kugeuza, na kwamba anayetaka kurudi ndiye anayefuatwa.

Pangeni siku kwa mvua na kwa mwezi

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mabonde hujaa maji, njia huzama na mbu huwa wengi. Vuli mvua ni za kupita, mtu anaweza kwenda akiwa tayari kulowa. Wakati ninaoupendelea ni kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa baridi na ardhi imekauka. Kaskazi ya Januari na Februari ni kavu pia, ila jua lake juu ya maweni ni kali. Wakati huo maweni ingieni alfajiri ikishapambazuka na mtoke kabla ya saa nne.

Mwezi una kazi yake ikiwa mtafika kwenye mikoko. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tafauti ya kujaa na kupwa ikipita mita 3. Siku hizo maji hupwa baina ya saa nne na saa sita mchana, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo Idi ya Mfunguo Mosi, ya baada ya Ramadhani, kwa kuwa huja na mwezi mchanga, daima huangukia bamvua: mkifika mikokoni kabla ya adhuhuri mtakuta tope wazi, mizizi wazi na kaa wametoka. Idi ya Mfunguo Tatu, ya Hija, huja mwezi ukiwa na siku kumi, wakati wa maji mafu, na hapo bahari haijai sana wala haikauki sana. Ndani ya mikoko maji huchelewa kidogo kuliko pwani ya nje, basi jipeni nafasi. Mkiwa na mvuvi jirani, muulizeni yeye.

Ijumaa muiache, au mtoke msituni mapema muwahi msikiti ulio karibu.

Ruhusa na hodi

Misitu ya hifadhi ina geti, ina kiingilio na ina watembezaji. Kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni, kwa hiyo chukueni vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, na dai risiti. Sehemu ya fedha za Jozani hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, na ni haki yao, kwa sababu wao ndio walioacha kukata kuni humo na ndio wanaoliwa mazao yao na kima.

Msitu wa kijiji hauna geti lakini una wenyewe. Nendeni kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo. Hodi, salamu, shikamoo kwa aliye mkubwa, kisha maneno machache ya wazi: "Mzee wangu, sisi vijana wa mjini, tumekuja kutembea msituni, hatuchumi wala hatukati kitu. Tunaomba ruhusa, na kama yupo wa kutuongoza tutashukuru." Kijana atakayepewa kazi hiyo, patana naye ujira kabla ya kuondoka, na msimlalie. Anajua panda zote za njia, na anajua pia pango gani au mti gani watu wanauheshimu. Mkikuta vitambaa vimefungwa, chetezo au mabaki ya ubani, hapo ni pa watu na dua zao. Piteni kimya, msiguse, msipige picha.

Mkoba

Maji lita moja na nusu kwa kila mmoja, zaidi wakati wa kaskazi. Chakula kisichovuja wala kunuka sana: mkate wa kumimina, mayai ya kuchemsha, tende. Suruali ndefu au dera lisiloburura, soksi ndefu, na raba zenye soli ngumu. Ndara ziacheni nyumbani, jiwe la maweni hukata soli laini na hukata mguu uliomo ndani yake. Kanga moja ya ziada hufaa kukalia, kusalia, kujifunikia mvua na kufungia mguu ulioteguka. Ongezeni bendeji, tochi, simu iliyojaa chaji ikiwa na ramani iliyopakuliwa tangu nyumbani, dawa ya mbu, na daftari dogo.

Siku ya kwanza: Masingini, kwa kuzoeza miguu

Masingini iko juu ya kilima nyuma ya Bububu, karibu na mji kiasi kwamba mnaweza kwenda asubuhi na kurudi kula mchana nyumbani. Kilima hicho ni miongoni mwa sehemu za juu kabisa za Unguja, kiasi cha mita 120 tu kutoka usawa wa bahari, lakini ndicho kinachokinga mvua na kuiingiza ardhini. Maji aliyoyavuta Sayyid Barghash hadi mjini, katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, yalitoka chemchemi za upande huu, na mpaka leo mji unanywa maji ya huko. Msitu ukikatwa juu, mfereji hukauka chini.

Udongo hapa ni wa kina na mlaini, miti ni mirefu, njia hazikati mguu. Tumieni siku hii kujifunza mwendo: hatua ishirini, kisha kusimama na kusikiliza. Mtaona kwamba mnaposimama ndipo msitu unapoanza kusema. Matawi yanayotikisika bila upepo juu kabisa ni kima. Sauti ya majani makavu chini mara nyingi ni mjusi, na mara moja moja ni kitu kikubwa zaidi. Msijaribu kumaliza njia zote. Moja inatosha.

Siku ya pili: Jozani, siku nzima

Hii ndiyo siku yenyewe. Jozani iko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, katika shingo nyembamba ya kisiwa baina ya Ghuba ya Chwaka na mkono wa bahari wa Pete. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ikiwa na kilomita za mraba 50 hivi pamoja na ghuba, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika hifadhi zake za binadamu na viumbe hai. Pandeni gari ya 309 ya Jambiani au ya 310 ya Makunduchi, mwambieni konda "Jozani, getini". Shikeni ya mapema, kima hula asubuhi na alasiri na mchana kati hulala.

Anzeni na msitu wa maji, wengi huuacha mwisho wakiwa wamechoka. Ndani yake kuna kiza cha kijani na unyevu unaohisika puani. Piga kisigino chini: ardhi inabonyea, nyeusi, imejaa majani yaliyooza. Maji yako hapo chini tu, na masika hupanda juu na kusimama. Mitondoo ndiyo mingi, mirefu, magome yake yana mipasuko ya urefu, na matunda yake ya duara huanguka njiani. Mingi yake ilipandwa na watu wa misitu karne iliyopita. Pamoja nayo kuna michikichi na jamaa za mkadi zenye mizizi inayoshuka kutoka shinani. Michikichi haiwezi kukaa juu ya maweni makavu, wala mtondoo haufiki urefu huu huko. Yote iko hapa kwa sababu ya maji.

Sasa fuateni njia mpaka ardhi ianze kupanda kidogo. Sikilizeni miguu yenu. Mlio wa kubonyea unakuwa mlio wa jiwe. Ndani ya hatua chache miti inashuka kimo, shina linakuwa jembamba, jua linaingia, na majani yanakuwa madogo na magumu. Mmetoka bondeni, mko maweni. Simameni papo hapo kwenye mpaka, mmoja huku na mmoja kule, na kila mmoja ataje anachokiona. Zoezi hilo dogo hufundisha kuliko vibao vyote vya njiani.

Kwa kima punju, mtembezaji atawavusha barabara mpaka upande wa kusini, wanakokaa karibu na mashamba. Kima huyu hapatikani popote duniani ila Unguja, ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Hesabu ya kisiwa kizima iliyotolewa mwaka 2017 ilimkuta zaidi ya 5,800. Mtazameni mkono anaposhika tawi: hana dole gumba la kufaa, analitia tawi ndani ya vidole vinne kama ndoana, kisha anachuma chipukizi kwa mdomo. Mgongo mwekundu wa kutu, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka paji. Mama akiwa na mtoto, mtoto hutazama watu kwa muda mrefu kuliko mama.

Kaeni mbali nao, mita 3 kwa uchache, hata wao wakiwasogelea. Msiwape kitu. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi. Ndizi mbivu na biskuti humuumiza. Majani ya miti ya mikungu na miembe anayokula yana kemikali za kudhuru, na kima wanaoishi mashambani wamejifundisha kula makaa yaliyobaki kwenye tanuri na majiko ya nje, kwa sababu makaa huzinasa kemikali hizo tumboni. Mkibahatika kumwona ameshika kipande cheusi anakitafuna, msidhani ni mgonjwa. Mwenye mafua au kikohozi siku hiyo abaki nyuma kabisa, maradhi yetu huwaambukiza. Na barabarani, kumbusheni madereva mnaowajua: matuta yaliyowekwa pale yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa.

Paa nunga naye anaishi humu. Kumwona mchana ni bahati kubwa, mkimwona kaeni kama mlivyo mpaka aondoke mwenyewe.

Maliza na mikoko ya Pete, juu ya njia ya mbao. Hapa tena, tazameni chini. Mkoko wenyewe ni ule uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu hutoa vijiti vingi vyembamba vinavyochomoza topeni. Muia una mizizi iliyokunjana magoti. Vyote hivyo ni njia za kupumua, kwani tope hilo halina hewa. Okota jani moja la mchu lililoanguka, uligeuze: upande wa chini ni wa kijivu, na mara nyingi kuna chembe za chumvi juu yake. Lirambe. Mti umekunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Ukisimama bila kutikisa mbao, kaa wadogo wataanza kutoka matunduni, na dume utamjua kwa gando moja kubwa analolipunga. Mdiria hupita chini chini na rangi yake ya buluu. Kama ni bamvua, kaeni mpaka maji yaanze kuingia. Huja kimya, kwanza mifereji midogo, kisha mizizi yote ikawa ndani.

Siku ya tatu: maweni ya Kiwengwa

Hifadhi ya Kiwengwa-Pongwe, kaskazini mashariki, ni msitu wa juu ya jiwe tupu. Hauna kiza kizuri cha Jozani na watu huuona kichaka tu. Mimi nauona ndio msitu wa Unguja hasa, kwa kuwa nusu ya kisiwa ni nchi ya namna hii, na mimea yake ndiyo inayowatibu, kuwalisha na kuwapa kazi watu wa huko. Muulizeni mtembezaji mkindu uko wapi, ambao kuti zake hutoa ukindu wa mikeka, na mbungo, mtambaa wenye matunda ya juisi tunayoinywa mjini bila kujua inakotoka. Andikeni jina la kila mmea kama anavyolitaja yeye. Jina la Kiwengwa na jina la Makunduchi huweza kutafautiana, na yote mawili ni sahihi.

Mwendo hapa ni mfupi na wa uangalifu. Kila hatua ione mahali pa kutua, kwa sababu majani makavu hufunika mashimo na ncha za jiwe. Mwenda pole hajikwai, na maweni hayasamehi mwenda mbio.

Chini ya jiwe kuna mapango, yaliyotobolewa na maji ya mvua kwa miaka mingi. Ingieni na mtembezaji tu, kila mmoja na tochi yake, msiwamulike popo usoni, na msikae wala kuegemea kuta za vumbi: ndimo wanamojificha papasi.

Mkipotea, mkiumwa

Maweni hayana mlima wala mto wa kukuongoza, na njia za wakata kuni huzunguka na kujirudia. Dawa ya panda ni hii: mmoja asimame pale pale njia zinapogawika, mwengine aende kujaribu njia moja, asivuke pale sauti ya kawaida inaposikika. Akikosa, anarudi kwa mwenzake, na bado mnajua mlipo. Hii ndiyo faida ya kuwa wawili ambayo mtu pekee hana. Sikilizeni pia upande wa barabara, milio ya gari husikika mbali asubuhi. Kabla ya kuondoka, mtu wa nyumbani ajue msitu gani na saa ngapi mtarudi.

Nyoka wengi hukimbia wakisikia mitetemo ya miguu. Wengi huumwa mguuni kwa kumkanyaga bila kumwona; msitie mkono shimoni wala msiinue gogo. Akiumwa mtu, msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mlazeni, mguu usitikisike, toeni pete na bangili, pigeni simu 112 na mumfikishe hospitali: Makunduchi kwa waliopo Jozani na kusini, Kivunge kwa waliopo kaskazini, Mnazi Mmoja kwa wote.

Upupu ni jambo dogo linaloharibu siku nzima. Ni maganda yenye manyoya ya kahawia yanayoning'inia penye vichaka vilivyofunguka. Ukiguswa usijikune, vinyweleo huzidi kuingia. Vua nguo iliyoguswa na ujimwagie maji mengi. Siafu nao, mkiona mstari wao bondeni, urukeni na mwende mbele. Msisimame kuwatazama juu ya mkia wao.

Kurudi

Tokeni getini saa kumi. Kwa Jozani simameni upande wa barabara unaoelekea mjini, chini ya mti, mahali dereva anapoweza kuwaona na kusimama. Siku za Idi gari zinazorudi kutoka Makunduchi na Jambiani hujaa watu wa pwani, na inaweza kupita ya kwanza na ya pili kabla ya kupata nafasi, kwa hiyo msingoje mpaka Magharibi. Takataka zote zirudi mjini ndani ya mkoba, hata maganda ya mayai. Mkifika nyumbani kagueni kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye soksi, kisha usiku ule ule, kabla ya kulala, kaeni na daftari mlinganishe majina mliyoandika. Yale msiyokubaliana, yapelekeni kwa bibi au babu aliyekulia shamba, pamoja na jani moja lililookotwa chini kutoka kichaka cha kijiji, si kutoka hifadhini.